Pengo la Mapigo Manne

Mtoto alipiga makofi manne akiwa usingizini, na kilichomshtua mama yake si makofi bali mlio wake.

Alikuwa na miezi kumi na moja tu. Viganja vyake vilikuwa laini kama mkate uliolowa, na viganja vya namna hiyo vikikutana havilii, vinagusana tu basi. Hivi vililia. Pa, pa, pa, pa, makofi makavu, mazito, ya mtu mzima aliyezoea kazi, halafu mikono ikarudi kifuani mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama kitu kinachorudishwa mahali kilipoazimwa. Mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda anakunja nepi. Ilikuwa saa tisa mchana, jua limejaa dirishani, na sebuleni baba mkwe alikuwa anaimba. Chumbani kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua.

Mama akajiambia ni ndoto, watoto huota. Akaendelea kukunja.

Baba mkwe huyo ndiye Chiriku. Waliokuwa vijana zamani wakilisikia jina hilo hutabasamu peke yao njiani. Aliimba miaka ishirini na mitano, halafu siku moja akaacha bila kueleza, akawa mzee wa kumwagilia maua na kugombana na paka wa jirani. Miaka kumi na tisa ikapita. Sasa ana miaka sitini na tisa na ametangaza kwamba anarudi, onyesho moja, Jumamosi saa kumi jioni, ukumbi mkubwa, na mji mzima umepasuka katikati kama tikiti. Asubuhi redioni simu zilikuwa hazikatiki. Huyu anasema dhahabu haiozi, yule anasema mzee akapumzike, sauti imekwisha kama betri, asituharibie kumbukumbu zetu. Mtaani, kinyozi aliyempenda na fundi viatu aliyemchoka walianza kwa mzaha wakamalizia kwa ngumi, jino la fundi viatu likaokotwa chini ya kiti cha kunyolea.

Nyumbani walikuwa wanafanya mazoezi kila siku saa tisa, Chiriku na gitaa lake, mwanawe kwenye dramu. Kila mtu aliyewahi kumsikia Chiriku analijua pengo lake. Mwisho wa kila ubeti vyombo vyote vinanyamaza mapigo manne, na watu ndio wanaojaza kwa makofi.

"Pengo ni la watu," alimwambia mwanawe kila siku. "Hapo fimbo zako ziwe hewani. Ukigusa hata sahani moja, nakukana."

Kwenye mazoezi watu hawakuwapo, kwa hiyo pengo lilibaki tupu, na mzee alilitumia kuvuta pumzi. Kifua chake kilikuwa kinalia kama mlango wa zamani. Bila mapigo yale manne asingefika ubeti wa pili.

Siku ya pili mama alisikiliza vizuri. Ubeti ukaisha, dramu ikanyamaza, mzee akavuta pumzi sebuleni, na kitandani mtoto akapiga manne. Ubeti mwingine, manne mengine. Siku ya tatu, akimwogesha, aliona alama kwenye vifundo vya mikono, nyekundu zinazogeuka bluu. Nne upande huu, moja upande ule.

Mumewe alikuwa anafuta jasho jikoni. Alimsogelea akamnong'oneza.

"Baba mtoto, kuna kitu kinamshika mwanao."

"Umemvisha bangili inayombana?"

"Bangili ina vidole?"

Akaziangalia alama. Akaweka kidole chake juu ya moja, kikapotea, alama ilikuwa ndefu zaidi. "Labda mama alimshika kwa nguvu," akasema.

"Mama yako? Kwa mikono ipi?"

Mama mkwe hakuwa na mikono ya kushika. Ilikuwapo, lakini imejikunja mapajani kama majani makavu, miaka kumi na tisa sasa. Kiharusi, ndivyo walivyoambiwa wote, na mkamwana alikuwa anamlisha uji kwa kijiko asubuhi na jioni bila kuuliza zaidi. Jioni hiyo aliuliza.

"Mama, mikono yako ilianzaje?"

Bibi akakikwepa kijiko. "Umeona nini kwa mjukuu wangu?"

"Vidole."

"Funga mlango. Na sema polepole, linapenda kusikia linasemwa." Akangoja mlango ufungwe. "Alipokuwa kijana hakuna aliyempigia makofi, mwanangu. Alikuwa anaimba watu wanatafuna karanga. Akaingia kwenye jumba bovu, akaimba peke yake, akaacha pengo, akasema anayenisikia humu, yeyote yule, na apige. Likapiga. Tangu siku hiyo alikokwenda watu walipiga, hata wasiotaka. Ila jini lile halina mikono. Lazima liazime."

"Likaazima ya kwako?"

"Onyesho la mwisho watu waligawanyika kama hivi sasa. Nusu walikunja mikono wakamtazama tu. Likashiba nusu. Nusu iliyobaki likaja kuitafuta nyumbani, na mimi nilikuwa jikoni napepeta mchele." Aliiangalia mikono yake kama vyombo vya mtu mwingine. "Lilinipigisha mpaka mifupa ikawa chenga. Alilia, akaapa hataimba tena. Nikamwambia tuwaambie watu ni kiharusi."

"Na leo anarudi, huku anajua?"

"Unadhani makofi ni kitu kidogo? Mimi nimelala naye miaka yote hii. Usingizini huwa anainama, anashukuru watu."

Alhamisi mama alimbeba mtoto akakimbilia kwa dada yake, upande wa pili wa mji. Saa tisa kamili, mtoto akiwa mapajani kwa dada huyo anacheka, mikono ikanyanyuka, pa, pa, pa, na pigo la nne kidole kidogo cha kushoto kikalia kama njiti ya kiberiti. Dada alipiga ukelele hadi majirani wakaja. Kidole kikafungwa bandeji, na mama akarudi nyumbani, maana alishaelewa kwamba likionja linafuata, na kule angalau angeweza kumshika mtu shati.

Alimshika. "Baba, tazama hiki kidole. Nakuomba, acha."

Chiriku alikitazama. Alizoea kumwita mtoto yule mchumba wangu, na sasa alishindwa kulitamka neno hilo. "Jumamosi watakuwa elfu tatu," akasema. "Litashiba. Halitakuwa na haja naye."

"Na wale wasiokupenda? Wasipopiga?"

"Watapiga," alisema mzee, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe nyumba ile mkamwana aliona tabasamu lililokuwa kwenye mabango ya zamani.

Basi akafanya kosa. Ijumaa asubuhi alipiga simu redioni. Kila aliyesema mzee akapumzike, yeye alihesabu pigo kwenye mikono ya mwanawe, akaona afadhali aombe. Akasema kwa kasi, jamani mimi ni mkwe wake, nawasihi, mtakaokwenda kesho pigeni makofi, wote, hata kama humpendi piga tu, ni makofi tu jamani, yanakupunguzia nini. Mtangazaji akacheka hadi akakohoa. Aliyefuata kwenye simu akasema, "Kumbe hali ni mbaya hivyo, mpaka wanatuma wakwe kuomba makofi? Sasa mimi naenda, na nakaa mbele, na nakunja mikono." Na aliyefuata vivyo hivyo, na mwingine, na kufikia adhuhuri kulikuwa na watu wanaochapisha fulana za Pumzika Mzee.

Jumamosi alikwenda ukumbini na mtoto mgongoni. Kumwacha nyumbani ilikuwa kumwacha jikoni kama bibi. Alikaa safu ya mbele, mahali mumewe angemwona kutoka kwenye dramu, akamhamishia mtoto kifuani, akaifungia mikono yake midogo ndani ya viganja vyake. Kulia fulana nyeupe, mikono imekunjwa. Kushoto watu wazima wanalia machozi kabla hata wimbo haujaanza.

Chiriku akaingia. Akaimba. Na hapa lazima isemwe kwamba aliimba vizuri, vizuri kuliko mazoezini, vizuri hata fulana kadhaa zilianza kutikisa vichwa. Ubeti ukaisha, fimbo za mwanawe zikasimama hewani, pengo likafunguka, na nusu ya ukumbi ikapiga makofi.

Nusu tu.

Ile harufu ya nywele ikajaa ukumbini. Yule wa redioni aliyekunja mikono safu ya mbele akasema "Nani anani—" na mikono yake ikafunguliwa kwa nguvu, kiwiko kikapinda upande ambao kiwiko hakipindi, na viganja vyake vikagonganishwa mara nne huku yeye anapiga mayowe, na ubeti wa pili ulipofika pengoni safu nzima ya fulana nyeupe ilikuwa inapiga, bega la huyu limetoka mahali pake, yule mwanamke ameshavunja miwani usoni kwa mikono yake mwenyewe, na wale wa kushoto waliokuja kwa mapenzi hawakuweza tena kuacha, walipiga mpaka ngozi ikachanika, mpaka damu ikawarukia waliokaa nyuma, na waliokimbilia milangoni walishindwa kufungua kwa sababu mikono ya kufungulia haikuwa yao, na katikati ya hayo yote mama alihisi kitu kinavipima viganja vyake kwa nje, kwa subira, kama mtu anayetafuta mahali pa kumenyea yai, na akavibana, na pigo la kwanza likashuka juu ya mikono yake mwenyewe, akasikia mifupa ya vidole vyake ikisagika, na ndani ya mikono ile mikono ya mwanawe ikipapatika kutaka kutoka.

Hakulia. Alimtazama mumewe.

Chiriku alikuwa amefumba macho. Uso wake ulikuwa wa kijana wa miaka thelathini. Alianza ubeti mwingine, na ulipoelekea mwishoni mwanawe aliinua fimbo kama alivyofundishwa tangu utotoni, akaziweka hewani, akamwona mkewe na damu inayotiririka kwenye nguo ya mtoto, akazishusha.

Akapiga. Akalijaza pengo lote, moja, mbili, tatu, nne, na hakusimama.

Ukumbini mikono ikaning'inia kama nguo kwenye kamba. Chiriku akafumbua macho. Hakukuwa na pa kuvuta pumzi. Angeweza kuacha, wimbo ni wimbo tu, lakini watu walikuwa mbele yake na yeye akaingia ubeti uliofuata kwa pumzi iliyobaki, akimtazama mwanawe, na mwanawe anamtazama huku analia na kupiga, na pengo jingine likafika na likajazwa, na uso wa mzee ukawa wa bluu kama zile alama. Alifika katikati ya ubeti. Akaangukia kipaza sauti, na mlio wa kuanguka kwake ukazunguka ukumbi mzima.

Alikuwa amekufa kabla hawajamgeuza.

Mwanawe aliendelea kupiga dramu. Walipomnyang'anya fimbo kukawa kimya kidogo, na ndani ya kimya hicho mikono ya mtoto ikaanza kunyanyuka, basi akagonga jukwaa kwa ngumi, akagonga machela ya baba yake, akagonga njia nzima mpaka nyumbani. Wakaelewa. Mwenye pengo ameondoka, sasa kila kimya ni pengo la jini. Walijaribu saa ya ukutani, walijaribu redio, halikudanganyika, lilitaka mtu. Wakagawana zamu. Mume akilala, mke aligonga kwa kijiko alichokifunga mkononi, maana vidole vilikuwa ndani ya plasta. Wote wakichoka, bibi alikaa kitini akagonga sakafu kwa kisigino. "Kisigino hakijaazimwa bado," alisema, na wakacheka kwa mara ya kwanza na ya mwisho wiki ile.

Mji nao ulikuwa haujanyamaza. Nusu walisema mwana amemuua baba yake kwa kutojua kazi. Nusu walisema ni wale wa fulana waliomvunja moyo. Vidonda vyao wenyewe waliviita msongamano.

Siku ya mazishi walikuja wote. Maelfu, wengi mikono imefungwa bandeji. Mume alikuwa amebeba jeneza begani, mikono yote miwili imeshika, akikanyaga lami kwa mdundo, na mke nyuma yake, mtoto mgongoni, anagonga kijiko kwenye chuma cha kiti cha magurudumu cha bibi, tak, tak, tak, watu wanamgeukia.

Mwenyekiti wa wanamuziki akapanda kwenye jukwaa dogo. Akasema leo hakuna nusu mbili. Leo aliyempenda na aliyemchoka wamesimama pamoja, na akaomba jambo moja tu. Dakika moja ya kimya.

Mama aliendelea kugonga. Bibi alitafuta sakafu kwa kisigino, chini kulikuwa na udongo laini, na mume, jeneza bado begani, alikanyaga udongo huohuo usiotoa mlio.

"Dada," mwanamke mmoja aliyekuwa karibu akamwambia kwa upole, akaushika mkono wenye kijiko. "Mheshimu marehemu."

"Niachie. Nakuomba, dada yangu, niachie mkono."

"Ni dakika moja tu."

Hata upepo ulitulia. Mji mzima, kwa mara ya kwanza tangu mzee atangaze kurudi, ulikubaliana juu ya kitu kimoja, na kimya kilikuwa kizuri, kipana, cha watu wote. Mgongoni mwake mama alihisi mikono miwili midogo ikiachia nguo yake, mmoja baada ya mwingine, taratibu. Harufu ya nywele ikapita. Na mbele yake bandeji zote, maelfu kwa maelfu, zikaanza kunyanyuka.