Kiti cha Mama

Fundi cherehani alirudi kutoka kiwandani miguu imemvimba. Kutwa nzima alishona kola za mashati ya watu. Sasa alilitazama gauni la buluu la marehemu mama yake na kuvuta pumzi.

Gauni lilibaki hilo moja, na mabinti walikuwa watatu, fundi akiwa wa kati. Dada mkubwa na mdogo waliligombania hadi wakaacha kusemeshana. Basi fundi akaahidi kulikata, ashone mapambo matatu madogo ya viraka, ya kuning'iniza ukutani. Kila moja litakuwa na picha ya kiti alichozoea kukalia mama. Ndugu zake walikubali upesi, maana wao walikuwa mafundi wa kusema tu.

Alikata umbo la kiti cha kwanza kutoka kwenye gauni, akaliweka juu ya mabaki ya vitambaa vya mashati. Akashona pembeni kwanza, kama anavyoshona mto. Katikati pakafura.

Jirani yake akachungulia. Huyu alifua nguo za hospitali hadi akastaafu, watu wakamwita Bibi Sabuni.

"Mbona kiti kina mimba?"

"Niache, Bibi. Nimechoka hadi kope. Na gauni nikiliharibu, hakuna jingine."

"Fumua, uzi hautalia. Mabaki haya umeyafua?"

"Ni mapya."

"Ndiyo hayo. Kipya kikifuliwa hurudi, kikapungua. Gauni lilisharudi zamani. Vitavutana kama mawifi."

Walifua mabaki, wakayaanika, wakayapiga pasi. Bibi akaleta shuka kuukuu na blanketi lililochakaa.

"Hakuna cha kununua. Shuka chini, blanketi katikati, picha juu. Bana kwa pini. Halafu anza kushona katikati, uende pembeni. Upepo utafute mlango wenyewe."

Kila jioni fundi alishona kidogo, akipiga miayo. Mapambo yakalala bapa, yote matatu.

Jumapili ndugu zake walikuja, kila mmoja akatazama upande wake. Pambo la mdogo lilikuwa na mfuko wa gauni. Akatia kidole, kama alivyozoea utotoni. Akatoa karanga moja.

"Nilimwambia fundi italeta panya," Bibi Sabuni akanung'unika.

"Mama hakukosa karanga," dada mkubwa akasema taratibu. "Na mimi je?"

Mdogo akaipasua karanga, akampa nusu.

Fundi hakupata kitu. Alikuwa amesinzia, kichwa juu ya cherehani.