Ng'ambo Ipi

Taa zilikuwa zimewaka kijani, lakini magari yote ya barabara kuu yalikuwa yamesimama yakipiga honi kwa sababu ya mtu mmoja. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati jeupe lililopigwa pasi, suruali ya kijivu, ameinama katikati ya njia panda akivutana na baiskeli. Mguu mmoja wa suruali ulikuwa umeliwa na mnyororo. Kila alipouvuta, ulizidi kuingia.

Mwanamke aliyekuwa akivuka kwa miguu akasimama mbele yake. Gauni lake lilikuwa la maua madogo, na shingoni alikuwa amening'iniza futi ya kupimia nguo. Alitoa mkasi mkobani.

"Usitikisike," alimwambia.

"Dada, hii suruali ni mpya."

"Ilikuwa mpya."

Akakata. Wakasukuma baiskeli hadi kando ya barabara, na dereva mmoja wa lori akawatakia ndoa yenye heri kupitia dirishani. Mwanamke hakucheka. Alimpeleka mgeni wake kwenye chumba chake cha ushonaji, akaushona mguu wa suruali, kisha akakata utepe wa kitambaa cha njano, akaupinda pindo na kumfunga nao juu ya kifundo cha mguu.

"Kila ukipanda baiskeli, funga huu. Ukiupoteza, usije tena hapa."

"Na nisipoupoteza?"

"Usije pia, kama huna kazi."

Alikuja, na kazi hakuwa nayo.

Alikuwa fundi saa. Duka lake lilikuwa nyuma ya posta, chumba kimoja chenye saa arobaini ukutani, na zote alikuwa amezizima kengele zake, kwa kuwa saa inayolia katika chumba cha mtu mmoja humkumbusha tu kwamba yuko peke yake. Alikuwa mgane kwa miaka sita. Katika miaka hiyo hakuwahi kuchelewa popote, hata kwa dakika moja, maana hakuwa na mtu wa kumchelewesha. Mshonaji alimpa jina la Dakika. Yeye alimwita mshonaji Sindano, na si kwa sababu ya kazi yake tu.

Kila Jumamosi fundi saa alipanda baiskeli kufuata mto kuelekea juu. Mto huo uliugawa mji pande mbili, kisha ukaingia bondeni kwenye msitu. Kila ukingo ulikuwa na barabara yake ya zamani. Tangu barabara kuu ijengwe juu mlimani, hizo mbili zilizibwa kwa mawe makubwa, na hakuna gari lililopita tena. Huko mtu husikia tairi lake mwenyewe likisema na majani makavu. Husikia maji kabla ya kuyaona. Miti imekutana juu, na mwanga unashuka kidogo kidogo kama unaoomba ruhusa. Fundi saa alizoea kusali huko bila kufumba macho, baiskeli ikitembea.

Mshonaji alitaka kupaona, lakini hakujua kuendesha baiskeli. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alijifunza katika uwanja nyuma ya duka lake, akauvunja ua wa jirani mara mbili, na dada yake mkubwa, aliyeishi mji wa mbali, alimpigia simu kumuuliza kama anataka kuzikwa kabla ya wazee wake. Baada ya wiki saba aliweza kupiga kona. Akanunua baiskeli yenye kengele kubwa, akaipiga hata pasipo na mtu.

Mshonaji alikaa ukingo wa kulia, hatua chache kutoka daraja la mjini. Fundi saa alikaa ukingo wa kushoto, mbali zaidi juu, karibu na daraja dogo la waenda kwa miguu. Jumamosi moja walipita upande huu, inayofuata upande ule. Kila barabara ilikuwa na benchi la mbao pale mto unapopinda, mabenchi hayo yakitazamana, na hapo walikunywa chai ya chupa. Fundi saa alifika kwa wakati. Sindano alichelewa nusu saa, saa nzima, siku moja saa mbili. Yeye alisema kuwa kumsubiri kumemfundisha subira kuliko kufiwa.

Kisha, Alhamisi moja, akampigia simu. Kabla hajasema neno alikohoa mara tatu.

"Una mafua, Dakika?"

"Nina swali. Ila sitaki unijibu kwa simu. Unajua ninachouliza?"

Upande wa pili cherehani ilisimama. "Najua."

"Jumamosi saa moja asubuhi, tukutane ng'ambo, pale kwenye benchi. Ukija, nitajua umekubali. Usipokuja nitajua pia, na sitakuuliza tena. Wala usinieleze, Sindano. Hospitalini nilipewa maelezo mengi sana. Sitaki tena maelezo."

"Ng'ambo," alisema mshonaji polepole. "Saa moja."

"Usichelewe, mpenzi."

Lilikuwa neno moja tu, na kila mmoja alilipokea kutoka pale alipokuwa ameketi. Kwa mshonaji wa ukingo wa kulia, ng'ambo ni kushoto. Kwa fundi saa wa kushoto, ng'ambo ni kulia. Kila mmoja aliona ni heshima kumfuata mwenzake kwake, na hakuna aliyefikiri kuuliza.

Jumamosi ukungu ulijaa bonde. Mshonaji alivuka daraja la mjini kungali na giza kidogo, amevaa gauni jeupe alilolishona kwa siku mbili, na mkobani alikuwa na utepe mpya wa njano, maana ule wa mwanzo ulikuwa umechakaa. Wakati huohuo fundi saa alivuka daraja dogo la juu kwenda upande wa mshonaji. Mshonaji alifika benchini saa moja kasoro dakika kumi. Katika maisha yake hakuwahi kuwahi. Alikaa, akamshukuru Mungu, akasubiri.

Saa moja ilifika, ikapita. Angekuwa anamsubiri mtu mwingine, angevumilia. Lakini huyu hakuchelewa hata kwa dakika, na kwa hiyo dakika tano zilikuwa jibu, na nusu saa ilikuwa jibu kamili. Alipiga kengele ya baiskeli mara tatu ndani ya ukungu. Kisha akaufunga ule utepe kwenye mguu wa benchi, akaondoka.

Ng'ambo yake, fundi saa alisikia kengele juu ya sauti ya maji. Akawaza kwamba kuna mtu huko mwenye wa kumwita. Hakuwa na wasiwasi, Sindano huchelewa. Ikafika saa mbili, saa tatu. Ukungu ulipoinuka, benchi la pili lilikuwa tupu. Alisubiri hadi saa sita mchana, kisha akafungua mikono aliyokuwa ameikunja na kuona imekufa ganzi.

Bondeni simu hazikushika. Alasiri, alipofika dukani, simu yake ililia. Alitazama jina. Haya ndiyo maelezo, akawaza, na akaiacha ilie mpaka mwisho. Mshonaji naye aliisikiliza ikilia mpaka mwisho, akaiweka mezani. Hakupiga tena.

Ikapita miezi mitano. Baiskeli yenye kengele kubwa ikawa ya kutundikia nguo za wateja. Mshonaji alikula akiwa amesimama, na jioni aliiacha redio ikizungumza ili chumba kisinyamaze. Dada yake alipiga simu kila Jumapili. Alimtafutia chumba na kazi kule kwake, akamwambia afunge duka, aje.

"Lakini ulimuuliza kwa nini hakuja?"

"Alisema asiyekuja asieleze."

"Alisema usieleze. Hakusema usiulize. Kuuliza si ujinga, mdogo wangu."

Mshonaji alisema atakuja Jumatano, na mizigo ni masanduku mawili na cherehani.

Fundi saa hakuacha Jumamosi zake. Lakini sasa alipita ukingo wa kulia tu, kila wiki, akakaa benchi lile lile saa moja asubuhi. Moyoni alijiambia huenda amechelewa. Alijua kuwa miezi mitano si kuchelewa, hata kwa Sindano. Alisali akimwomba Mungu amwondolee tumaini hilo, na Mungu hakuliondoa.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatano ile, mvua ilikuwa imeangusha mti mkubwa kwenye barabara ya kulia. Alirudi, akavuka daraja dogo, akapita upande wake mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alipofika kwenye benchi aliona kitu cha rangi ya majani makavu kimefungwa mguuni pake. Akapiga magoti. Fundo lilikuwa limekaza kwa maji. Ndani ya fundo, ambako jua halikufika, kitambaa kilikuwa bado cha njano, na pindo lake lilikuwa na mshono mdogo mdogo ambao angeutambua hata gizani.

Alisukuma baiskeli kupanda mlima mpaka simu iliposhika.

"Usikate," alisema. "Nina swali moja. Siku ile ulinisubiri wapi?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo ipi?"

"Kwako, bwana. Ng'ambo ni kwako. Kwingine ni wapi?"

Fundi saa aliketi chini kwenye nyasi zenye maji. "Mimi nilikuwa kwako," alisema. "Hadi saa sita."

Kisha mshonaji akamuuliza kwa sauti ndogo, "Kengele yangu uliisikia?"

"Niliisikia. Nilimwonea wivu mwenye kengele."

Walikubaliana kukutana kesho yake saa moja, katikati ya daraja la mjini, na kila mmoja alirudia mahali hapo mara mbili.

Saa moja mshonaji alikuwa pale, mikono juu ya chuma baridi cha daraja. Saa moja na dakika nne fundi saa alitokea akikimbia, anasukuma baiskeli, mguu mmoja wa suruali umechanika hadi gotini.

"Umechelewa," alisema mshonaji.

"Dakika nne. Mnyororo umeila suruali."

"Miezi mitano na dakika nne." Aliutazama mguu ule. "Utepe wangu uko wapi?"

Fundi saa aliutoa kwenye mfuko wa shati. Mshonaji aliinama, akamfunga, akakaza kuliko ilivyohitajika, na alipoinuka machozi yalikuwa yamefika kidevuni.

"Jibu langu halijabadilika," alisema. "Nililileta mpaka kwako, likakosa wa kulipokea."

"Nipe sasa."

"Ndiyo. Na Jumatano utamweleza dada yangu wewe mwenyewe. Maelezo marefu."

Fundi saa alikubali kichwa kikiwa chini. Chini yao mto ulipita, umechafuka kwa mvua, na kingo zote mbili zilikuwa bado na ukungu. Alisema waende nyumbani, wanywe chai.

"Nyumbani wapi?" aliuliza Sindano. Kisha akamshika mkono kabla hajajibu. "Taja barabara, Dakika. Na namba ya mlango."