Kadi ya Shemhilu

Mwizi aliingia dirishani, akaliacha kasha la fedha kama lilivyo, akabeba sanduku la kadi za majina.

Inspekta Fanueli alilitazama tope la kizingitini, akamgeukia Timotheo, katibu wa Umoja wa Wakulima wa Mboga, pale Lushoto.

“Kadi zenyewe zina faida gani?”

“Afande, ndizo Umoja wenyewe! Kila mwanachama ana kadi yake, jina na anwani. Kila mwezi tunazipitia, tunaandika bahasha, tunatuma waraka: bei ya kabichi, mbegu, mkutano. Bila kadi hatumfikii mtu. Hawa ni wale wanaopinga amri ya serikali ya kulima kwa matuta. Wanataka kuwatumia watu wetu maneno yao.”

Fanueli naye aliamini hivyo, mpaka sanduku lilipookotwa kando ya barabara ya Mlola, limefunikwa majani ya mgomba lisilowe. Mwizi gani huyo, anazionea kadi huruma?

“Zimetimia?”

“Nani azikumbuke zote, afande?”

“Basi tuma waraka kama kawaida.”

Siku ya gulio walipanda Mlola pamoja. Barua za kule zote hufikia dukani kwa Rajabu, naye husimama barazani akaita majina kwa sauti, mwenye jina akaitika. Bahasha zilipokwisha, Fanueli akauliza:

“Kuna aliyezoea kuitwa, leo hakuitwa?”

Watu wakatazamana.

“Shemhilu,” akasema Rajabu. “Na afadhali. Yuko kaburini tangu masika ya mwaka juzi, na kila mwezi mimi namwita. Ningefanyaje? Jina liko juu ya bahasha.”

“Nani alikuwa akiitika?”

“Maiti aitikiwe na nani? Mama yake, Bi Mwanahawa, alikuwa akikimbia asilisikie, anaacha viazi vyake chini. Leo ndiyo kwanza amekaa mpaka mwisho. Yule pale.”

Fanueli akachuchumaa mbele ya viazi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Nilidhani polisi wana mbio.”

“Aliyechukua kadi ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Unajua kusoma?”

“Wapi! Nilikuwa na bahasha yake moja. Nikalinganisha mchoro kwa mchoro, maana mkono ulioandika ni ule ule. Pale ofisini sikuweza kumaliza, nikabeba sanduku zima.” Akafungua fundo la kanga, akatoa kadi, akampa. “Nilimwendea huyu katibu, nikamsihi amtoe mwanangu. Akasema kanuni: anayejitoa sharti aje mwenyewe. Mimi nilikuwa namzika kila mwezi.”

Timotheo aliinamisha kichwa, kisha akakikumbuka cheo chake.

“Afande, wizi ni wizi. Mashtaka yaandikwe.”

“Sawa. Kadi iliyoibwa ni ya nani?”

“Ya… Shemhilu.”

“Kanuni yako nzuri, bwana katibu. Mlete Shemhilu, aje mwenyewe ashtaki.”

Akamrudishia mama kadi yake, akainama kumsaidia kufunga gunia.