Makangaga Nyuma ya Chumba cha Mama

Fundi viatu na mkewe walikuwa wakimwogesha mama mzazi wa fundi sebuleni, nyuma ya pazia. Mama alikuwa amepooza upande mmoja. Kila mgeni alipobisha hodi, alifumba macho kwa aibu.

Chumba chake kilikuwa nyuma, chini ya miti mikubwa. Lakini kila mvua iliponyesha, tope liliteremka, likapenya chini ya mlango mpaka kitandani. Ndiyo maana wakamhamishia sebuleni.

"Nitaikata miti yote," alisema fundi viatu. "Nyasi nimepanda mpaka nimechoka. Kivulini pale haioti hata moja."

"Ukiikata, kilima chote kitatushukia," mkewe alijibu. "Tumwulize bibi shamba kwanza."

Bibi shamba, mtaalamu wa kilimo wa eneo lile, alifika asubuhi. Alichuchumaa, akafikicha udongo.

"Miti haina kosa, kaka. Kosa ni ardhi kukaa uchi. Nyasi zinataka jua. Hapa pandeni makangaga."

"Makangaga ndiyo nini?"

"Mimea ya kivulini. Majani yake yamechanika kama manyoya ya ndege. Hayatoi maua. Kuna aina ambayo mashina yake hutambaa chini kwa chini, yakashikana. Udongo wako hautaondoka tena."

"Yanaliwa?" mkewe aliuliza.

"Haya hayaliwi, wifi. Kazi yake ni ulinzi."

Aliwaletea miche kutoka kitaluni. Walichanganya udongo na majani yaliyooza, wakiangalia wasikate mizizi ya miti. Kati ya mche na mche waliacha hatua fupi.

"Moyo wa mche, pale majani yanapochipukia, uwe sawa na ardhi," alisema bibi shamba. "Ukiufukia, utaoza."

Walimwagilia, wakatandaza majani makavu juu ya udongo. Makangaga yalistawi.

Kisha baridi ikaingia. Makangaga yakageuka rangi ya kahawia, yakalala chini.

Siku moja mgeni alifunua pazia kwa bahati mbaya, mama akiwa anaogeshwa. Mama alilia. Fundi viatu alitoka nje, akachukua jembe, akaanza kung'oa makangaga yaliyokuwa karibu na mlango.

"Baba watoto, ngoja!" mkewe alipiga kelele.

"Nisubiri nini? Yamekufa! Mama yangu anaaibika mbele za watu, na mimi namwagilia maiti!"

Mkewe alikimbia kumwita bibi shamba. Waliporudi, nusu ilikuwa imeng'olewa. Bibi shamba aliokota shina moja, akalifuta kwa kidole gumba. Katikati palikuwa na vichipukizi vidogo, vimejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga.

"Halijafa hili, kaka. Aina hii hupukutisha majani wakati wa baridi. Inapumzika. Majani makavu yaacheni, ndiyo blanketi lake. Mtayaondoa vichipukizi vikianza kuinuka."

Fundi viatu alikaa chini kwenye udongo.

"Mimi najua ngozi tu," alisema polepole. "Ngozi ikikauka hivi, ni ya kutupa."

Walipanda upya yaliyong'olewa, lakini mengi yalioza. Mvua ziliporudi, makangaga yaliyoachwa yalichipua, yakafunika ardhi. Pale alipopitisha jembe, tope likapita tena mpaka chumbani. Mama akabaki sebuleni.

Fundi viatu alipiga magoti kando ya kitanda.

"Nisamehe, mama. Mimi ndiye niliyeng'oa."

Ulimi wa mama ulikuwa mzito. "Panda tena," alisema.

Alipanda tena, kwa mikono yake. Baridi ilipokuja, majani yalikauka, naye akayaacha yalale. Yalipochipua, pengo lilikuwa limezibika.

Kisha mvua kubwa ikanyesha kutwa nzima. Maji yaliteremka taratibu kati ya makangaga, meupe, bila tope. Fundi viatu aliingia chumbani, akapapasa sakafu mpaka mlangoni. Ilikuwa kavu.

Siku iliyofuata walimrudisha mama chumbani kwake. Mkewe alileta beseni la maji ya moto na taulo.

Mama aliangalia kuta zote nne, moja baada ya nyingine.

"Sasa," alisema, "fungeni mlango."

Fundi viatu alitoka nje, akaufunga.