Kiti cha Watu Wawili

Simu ilitetema mara mbili, ikanyamaza, ikatetema tena.

Marlies Fessler aliegesha Audi pembeni ya kituo cha treni cha Bludenz, akazima injini, akapokea.

"Kahawa imepoa," ilisema sauti kutoka Vienna.

"Basi ipashwe moto."

"Ni yeye," alisema Kanali Pospischil. "Kamera ya jukwaa la pili imemnasa saa mbili na dakika kumi na moja asubuhi hii. Koti la kijivu, skii begani. Kadi anayo."



Aliyenaswa na kamera aliitwa Gebhard Rüf. Kwa miaka tisa alikuwa jasusi hodari wa Idara ya Usalama ya Austria katika nchi za mashariki. Kwa miaka saba kati ya hiyo alikuwa mume wa Marlies. Siku sita zilizopita alitoka makao makuu akiwa na kadi ya kumbukumbu ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Ndani yake mlikuwa na majina arobaini na moja ya watu walioipa Austria habari kutoka miji ambako mtu akishukiwa haonekani tena. Jina moja Gebhard alilitoa kama kionjo, ili mnunuzi aamini kwamba mali ni halisi. Lilikuwa la muuza maua. Jumanne alikutwa amekufa ndani ya lifti ya nyumba yake.

Yalibaki arobaini.

"Atakabidhi leo, mlimani," Kanali aliendelea. "Mnunuzi atavuka kwa skii hadi Uswisi. Kuna vituo kumi na viwili vya skii anavyoweza kufika kabla ya adhuhuri, nami nina watu wa kufunga vitatu. Kompyuta inasema ataenda kwenye vile vikubwa. Umati, rahisi kupotea."

"Kompyuta haijawahi kuvaa skii, afande."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Angechagua kipi?"

Kwenye kioo cha gari theluji nyepesi ilikuwa ikidondoka na kuyeyuka. Marlies aliitazama. Alikuwa analijua jibu kabla swali halijaisha.



"Fessler? Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Ni watu arobaini."

"Sankt Rochus," alisema Marlies.

"Wapi huko?"

"Hujawahi kupasikia. Lifti moja ya maana na kibanda kimoja cha chakula. Tuma helikopta, lakini isionekane mpaka niite."

Akakata simu.  

*

Barabara ya Sankt Rochus ina kona ishirini na sita. Marlies alizipiga zote kwa gia ya pili na ya tatu, bastola ya Glock ikimgandamiza mbavu chini ya koti.

Wengine huoana wakagombania watoto au mama mkwe. Ugomvi wa Marlies na Gebhard ulikuwa mmoja tu: kati ya vituo vyote vya skii, kipi ni bora? Kila Jumamosi ya baridi walijaribu kingine. Gebhard mwanzoni alipenda vile vikubwa, vyenye miteremko ya kilomita mia tatu na viti vya kupashia makalio kwa umeme. Marlies alitaka miti. Kimoja kilikuwa na theluji ya uhakika lakini hakikuwa na mti hata wa dawa. Kingine kilikuwa na msitu wa kupendeza na foleni ya kuchosha roho. Walibishana njia nzima kurudi nyumbani, na walipofika wakaendelea kubishana jikoni wakiwa bado na soksi mbichi.

Majira ya baridi ya nne walipotea njia, wakatokea Sankt Rochus.

Ubishi ukaisha siku hiyohiyo.

Mlima ule unatazama kaskazini, kwa hiyo theluji yake hubaki kavu kama unga mpaka Aprili. Mteremko mkubwa ni mmoja, lakini unapita katikati ya misonobari, unapinda, unafunguka, na kila ukidhani umeujua unakugeuka. Lifti yake ni kuukuu, viti vya mbao vya watu wawiliwawili vinavyoning'inia kwenye waya, na inapanda polepole kiasi kwamba vijana huizomea. Dakika kumi na moja. Njiani mlima huziba mawimbi yote, simu hazishiki. Huna la kufanya ila kuzungumza na aliyekaa kando yako.

"Watu wanadhani kituo ni miteremko," Gebhard alikuwa akisema. "Kituo ni dakika za kupanda."

Na mara moja, wakiwa wamekaa juani mbele ya kibanda cha Bi Burtscher, alisema: "Nikibakiwa na siku moja tu ya kuteleza, nitakuja kuimalizia hapa."

Marlies alicheka wakati ule.

*

Mzee Kassian, mwendesha lifti, alimwona akiwa bado anafunga buti.

"Haya, mama Rüf, leo mmeamkia upande gani? Mwenzio yuko pale anaviacha viti vinapita vitupu. Nimehesabu kumi na sita. Nikamuuliza, bwana, unasubiri chenye mto?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ndoa ile ilikwisha vuli iliyopita.

"Alikujibu nini?"

"Kasema anasubiri mtu."

Gebhard alikuwa amesimama kwenye mstari mwekundu, fimbo mbili nyekundu za skii mkono mmoja, mgongo kwa Marlies. Alikuwa amekonda. Marlies aliteleza taratibu hadi ubavuni mwake. Kiti kikaja kutoka nyuma, kikawagonga nyuma ya magoti, wakaketi kwa pamoja kama walivyoketi mara mia mbili kabla. Gebhard akashusha chuma cha kuwazuia.

"Umechelewa," alisema.

"Kuna barafu barabarani."

"Kofia mpya."

"Ile ya zamani ilipasuka."

Nguzo ya kwanza ikapita juu ya vichwa vyao.

"Silaha unayo?" aliuliza Marlies.

"Sina. Wewe?"

"Ninayo."

"Ulivyo na adabu, unamwambia mtu kabisa."

"Muuza maua alikuwa na wasichana wawili, Gebhard. Mdogo yuko darasa la pili."

Gebhard alifumba macho. Alipoyafumbua aliangalia misonobari.

"Waliniambia watamtisha tu."

"Ukawaamini?"

"Nilitaka kuamini." Alivuta pumzi. "Miezi kumi na moja nilifungwa huko mashariki, Marlies. Chumba hakina dirisha. Kila Ijumaa walinisomea barua kutoka Vienna. Mtu huyu hatumjui. Mtu huyu hatumjui. Halafu Ijumaa moja wakanisomea ya kwako."

Marlies aliijua barua ile kwa kila herufi. Idara ilimkalisha mezani, ikampa kalamu, ikamwambia: ukimtambua, watamuua kabla ya Jumapili. Akaandika mstari mmoja. Labda ulimwokoa. Hakuna aliyewahi kujua. Gebhard alipobadilishwa na mfungwa mwingine na kurudi nyumbani, hakuweza kulala chumba chenye mlango uliofungwa. Baadaye hakuweza kulala chumba alichomo Marlies.

"Idara ilisema nikikiri nakujua utauawa," alisema Marlies.

"Huenda ni kweli." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ila ulinikana kwa mwandiko mzuri sana."

Nguzo ya saba. Nguzo ya nane.

"Ulijua nitakuja," alisema Marlies.

"Nilijua utajua. Hakuna binadamu mwingine ambaye angejua. Ndiyo sababu nimepachagua hapa." Akamgeukia kwa mara ya kwanza. "Upande wa pili kuna gari, Marlies. Viti viwili. Nilisema moyoni, atajua nilipo, na atanyamaza. Si unajua kunyamaza?"

Upepo ulikiyumbisha kiti. Mbele, juu ya ukingo, wingu zito lilikuwa likianza kumwagika kutoka upande wa Uswisi.

"Safari hii nimesema," alijibu Marlies.

"Umemwambia nani?"

"Pospischil."

Gebhard alitikisa kichwa polepole, kama mgonjwa anayesomewa majibu aliyokwisha kuyahisi.

"Basi," alisema.

 Zilibaki dakika nne. Bega lake lilikuwa limeegemea la Marlies, na hakuna aliyelisogeza.

*

Juu, Gebhard aliinua chuma na kuteleza moja kwa moja hadi mbele ya kibanda, ambako wateja huchomeka fimbo zao kwenye theluji kabla ya kuingia kula. Alipita karibu mno. Mkono ukashuka, ukapanda. Nusu ya sekunde.

Marlies aliona.

Gebhard sasa alikuwa na fimbo moja nyekundu na moja nyeusi; moja alikuwa ameibadilisha pale.

Mlango wa kibanda ukafunguliwa. Akatoka mwanamke mrefu, suti nyeupe tupu, darubini ya Leica kifuani. Akavaa skii za Kästle bila haraka. Akazing'oa fimbo mbili, moja nyeusi, moja nyekundu. Kisha akaondoka kama risasi kuelekea ukingo.

Marlies alibonyeza redio kolani, akaiita helikopta.

"Tai, huyu Korongo. Mlengwa ni mwanamke, suti nyeupe. Kadi iko ndani ya fimbo nyekundu. Anaelekea mpakani."

"Korongo, wingu limefunika bonde. Dakika sita."

"Baada ya dakika mbili atakuwa Uswisi."

"Sita, Korongo."

Akaachana na redio.

Mwanamke alifuata njia ya kawaida, inayozunguka mwamba. Marlies alipita juu ya mwamba. Aliruka, akaanguka kwa miguu yote miwili, magoti yakalia. Wingu likamlamba uso. Suti nyeupe ilikuwa ikipotea ndani ya weupe, ikabaki fimbo nyekundu tu, inapanda, inashuka.

Mita thelathini. Kumi.

Alimpiga kwa bega.

Wakabingirika wote wawili, skii zikachomoka. Mwanamke aliinuka wa kwanza. Kutoka kwenye mkono wa suti akatoa bastola ndogo, akaielekeza usoni kwa Marlies. Zipu ya koti la Marlies ilikuwa bado imefungwa, na Glock ilikuwa ndani.

"Mwache," mtu alisema kutoka kwenye wingu.

Skii ikapita hewani ubapa. Mfupa wa mkono wa mwanamke ukavunjika kwa mlio mdogo, mkavu. Bastola ikazama kwenye theluji. Marlies akamlalia mwanamke mgongoni, akambana, akamfunga mikono kwa plastiki.

Alipoinua kichwa, Gebhard alikuwa amesimama hatua ishirini kutoka jiwe la mpaka. Skii zilikuwa miguuni tena. Nyuma yake hapakuwa na mtu wala uzio. Palikuwa na Uswisi tu.

Marlies alifungua zipu, akatoa Glock.

"Usiende."

"Utanipiga?"

"Ndiyo."

Gebhard alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaangalia lile jiwe. Marlies hakuwahi kujua ni kipi kilichomzuia, bastola au aliyeishika, na katika miaka iliyofuata hakuwahi kuthubutu kumwuliza.

"Nina ombi moja," Gebhard alisema. "Nipe mteremko mmoja."

Helikopta ilipotua, Marlies alimkabidhi rubani yule mwanamke pamoja na fimbo nyekundu. Rubani aliifungua kwenye mpini, akaichungulia kadi, akainua kidole gumba.

"Na huyu bwana?"

"Huyu nashuka naye mwenyewe."

"Amri inasema..."

"Nimeisikia amri."

Wakashuka. Gebhard mbele, Marlies nyuma. Bondeni wingu lilikuwa limetawanyika, jua limetoka, na theluji iliyoanguka usiku ilikuwa haijaguswa na mtu. Gebhard alikuwa bado anateleza vilevile, goti la kushoto likichelewa kidogo, mikono chini, bila pupa. Walipofika kwenye misonobari alisimama kumngoja, kama alivyomngoja daima. Marlies akasimama kando yake. Wote walikuwa wakihema.

"Ndicho kituo bora kuliko vyote," alisema Gebhard.

"Ndicho."

"Angalau hilo tulipatana."

Chini yao, kwenye maegesho, taa za bluu za magari mawili ya polisi zilikuwa zikizunguka kimyakimya. Marlies alijua kwamba akifungua kinywa atasema neno ambalo halitarudishika. Akasukuma fimbo zake, akatangulia yeye.

Gebhard alimfuata hadi chini. Akavua glavu, akanyoosha mikono kwa polisi kabla hajaambiwa.

*

"Majina arobaini, yote salama," alisema Kanali kwenye simu. "Waziri amefurahi. Kuna sehemu moja ya ripoti iko tupu. Ulijuaje kwamba ni huko?"

"Andika ubashiri wa kitaalamu."

"Fessler. Kama unahitaji siku mbili tatu..."

"Kesho saa mbili nitakuwa ofisini, afande."

Alikuwa akifunga skii juu ya Audi aliposikia mtu anamwita. Bi Burtscher, mwenye kibanda, alikuwa ameshuka kwa lifti, aproni juu ya koti la baridi, amebeba sahani mbili zilizofunikwa kwa karatasi ya alumini.

"Mumeo kanipigia simu ya mezani jana," alisema. "Kaagiza tambi za jibini, sahani mbili, meza ya dirishani, saa sita kamili. Saa sita imepita. Nikaona polisi. Sasa sijui nizifanye nini, mwanangu."

Marlies alizitazama sahani zile. Mvuke ulikuwa bado unatoka pembeni mwa karatasi.

"Moja peleka kwenye lile gari la polisi," alisema hatimaye. "Toa vitunguu kwanza. Havipendi."

"Na hii nyingine?"

"Hiyo ule wewe, Bi Burtscher."

Akavaa miwani ya jua, akaingia garini, akawasha injini. Alizipita kona zote ishirini na sita kwa mwendo wa kawaida, akiwapungia mkono madereva waliompisha.