Sahihi ya Nyumba ya Saba

Kila Jumatano, saa tisa na nusu mchana, Posta alitoka ofisini kwa karani wa shule akiwa na Daftari la Taarifa kwapani. Posta halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alibandikwa jina hilo na wenzake wa darasa la sita siku ile ile alipokabidhiwa kazi ya kupeleka habari mtaani, na baada ya wiki mbili hata mwalimu wa hesabu alimwita hivyo bila kucheka.

Kazi yenyewe ilianza kwa sababu ofisi ya elimu ya wilaya ilichoka kusikia wazazi wakisema, "Sisi hatukuambiwa." Simu zilikuwa zinazimwa, namba zilikuwa zinabadilishwa, na karatasi walizopewa watoto ziliishia kukunjwa ndege. Basi ikaamuliwa kila mtaa uwe na daftari lake. Karani alibandika tangazo ndani ya daftari, mwanafunzi mmoja mkubwa akalizungusha nyumba kwa nyumba, na kila mzazi akasoma na kutia sahihi kwenye mstari wake. Alhamisi asubuhi daftari lilirudi ofisini.

Mtaa wa Posta ulikuwa na nyumba saba zenye wanafunzi. Ya kwanza ilikuwa yao wenyewe, na mama yake, fundi cherehani, alisoma tangazo huku pini mbili zikiwa mdomoni. Ya tatu ilikuwa ya mzee mmoja aliyelea wajukuu, ambaye watoto walimwita Ngoja Kwanza. Ngoja kwanza nitafute miwani. Ngoja kwanza, kalamu hii haiandiki. Mzee huyo alisoma kila kitu, hata maandishi madogo ya kiwanda kilichotengeneza daftari, kisha akauliza maswali. Ukitoka kwake salama, umefika mbali.

Ya saba ndiyo iliyokuwa kazi. Ilikuwa ghorofa ya nne, ngazi sitini na nane, na Posta alizihesabu kila wiki kwa uchungu. Huko aliishi Mama Kifungo na mwanawe wa darasa la kwanza, aliyeitwa Kifungo kwa kuwa hakuwahi kufunga vifungo vya shati lake vikalingana. Mama Kifungo alifanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha mikate, kwa hiyo mchana alilala. Ulibisha hodi mpaka vidole vikauma ndipo akafungua, macho mekundu, akisema, "Samahani mwanangu, nilikuwa nimezama."

Jumatano moja tangazo lilisema hivi: Ijumaa shule itafungwa saa sita mchana, kwa kuwa mafundi wa maji wanachimba mtaro mbele ya geti. Watoto wa darasa la kwanza na la pili waje kuchukuliwa na mzazi au mlezi. Posta na darasa lake wasingekuwapo siku hiyo, maana walikuwa na mtihani wa majaribio katika shule jirani.

Alimaliza nyumba sita. Mzee Ngoja Kwanza alimlia robo saa nzima akitaka kujua mtaro una kina gani. Alipofika chini ya ngazi za nyumba ya saba, alisikia uani wenzake wakihesabu miruko ya kamba. Siku hiyo lilikuwa shindano kati yao na watoto wa jengo la pili, na zamu yake ilikuwa inakaribia.

Alitazama ngazi. Alitazama daftari. Sahihi ya Mama Kifungo ya wiki iliyopita ilikuwa pale juu: duara moja, mkia mrefu na nukta mbili chini yake. Ilikuwa rahisi kuliko sahihi zote za mtaa.

"Kesho nitamwambia kwa mdomo," alijisemea, akachora duara, mkia na nukta mbili. Ilitoka vizuri mpaka akajisikia fahari kidogo. Akakimbilia uani, akaruka mara mia moja na kumi na mbili, wakashinda.

Kesho ikaja, ikapita. Habari ya mtaro ilikuwa imemtoka kichwani kabisa, kwa sababu kichwani mlikuwa na mtihani.

Ijumaa saa saba, Posta na wenzake waliporudi, walikuta watu wamejazana getini. Mmoja alisema mwalimu ametumbukia mtaroni. Mwingine alisema hapana, bomba limepasuka. Wa tatu alisema ameona mtoto amebebwa, lakini hajui ni wa nani. Posta alipenya katikati ya watu akiwa haelewi hili wala lile, mpaka alipomwona Kifungo amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, tope limemfika kifuani, goti limefungwa kitambaa cha mchimbaji.

"Nilikuwa namtafuta mama," Kifungo alisema. "Mama za watu wote walikuja. Wangu hakuja."

Alikuwa ameponyoka mkononi mwa mwalimu wakati wa msongamano, akaenda kuchungulia barabarani, akateleza. Wachimbaji walimtoa upesi. Goti lilihitaji kushonwa nyuzi tatu. Kama mtaro ungekuwa na maji, pale getini wasingekuwa wanazungumza habari za nyuzi.

Mama Kifungo, aliyeamshwa na jirani, alifika mbio, mguu mmoja una kandambili nyeusi, mwingine ya bluu. Alimkumbatia mwanawe na tope lake lote. Wakaingia ofisini, na Posta akafuata kwa kuwa karani alimwita aje kama shahidi.

"Mama, mbona hukuja saa sita?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Saa sita? Si mnafunga saa tisa?"

Karani alifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari wa saba. Mama Kifungo aliinama akatazama. Alitazama kwa muda mrefu.

"Hii ni sahihi yangu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Lakini tangazo hili sijaliona."

"Na sahihi?"

"Sahihi ni yangu."

Mwalimu mkuu alivua miwani akaivaa tena. Karani aligeuza ukurasa, akaurudisha. Posta alitaka kusema, akaishia kuutazama mstari wa saba. Halafu likamjia wazo la ajabu: kama mwenyewe anasema ni yake, basi pengine ni yake. Pengine alipanda zile ngazi, akasahau. Alijaribu kukumbuka kama alipanda, na kwa dakika nzima hakuwa na hakika.

"Basi nimesahau," Mama Kifungo alisema kwa sauti ndogo. "Mwanangu angekufa, nami nimesahau." Akalia mbele ya watu wote.

Mtaani habari hailali. Kufikia Jumamosi jioni kila mtu alikuwa na lake. Wengine walisema ni uchovu wa zamu za usiku, wengine walisema ni ugonjwa unaoanza kidogo kidogo. Mwenyewe Mama Kifungo alionekana akishuka ngazi, akirudi kuhakikisha amezima jiko, akishuka tena, akirudi tena. Aliandika mambo mkononi kwa kalamu. Alimuuliza Mzee Ngoja Kwanza kama asubuhi ile walikwisha salimiana. Walikuwa wamesalimiana mara mbili.

Posta hakula vizuri. Alikaribia kusema kila mara, lakini kila saa iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Jumapili mchana Mama Kifungo aliingia kwa fundi cherehani na suruali ndogo mkononi. Posta alikuwa sakafuni anaokota pini.

"Nisaidie kuirefusha, dada," Mama Kifungo alimwambia mama yake Posta. "Kesho kutwa nampeleka Kifungo kwa bibi yake. Akae huko."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Kule kwa bibi ni siku nzima ya safari, na mimi kazi siwezi kuacha. Lakini mtu asiyekumbuka alichosoma juzi hafai kuachiwa mtoto. Bora nimkose kuliko nimzike."

Mama yake Posta aliondoa mguu kwenye pedali. Mashine ikanyamaza.

Mama Kifungo akachuchumaa mbele ya Posta. "Mwanangu, wewe ndiye uliyeniletea daftari. Hebu nisaidie. Siku ile nilipofungua mlango nilikuwaje? Labda ukinieleza nitakumbuka."

Posta aliinamia pini. "Ulikuwa... umevaa gauni la kijani," alisema.

"La kijani." Mama Kifungo alifumba macho. Alikunja uso akitafuta. "Ndiyo. Ndiyo, la kijani. Halafu?"

"Ukasema samahani, ulikuwa umezama."

"Kweli, ndivyo ninavyosema. Naona sasa. Nilikuwa nimeshika mlango, wewe ukanipa kalamu..." Alifumbua macho, yamejaa machozi na shukrani. "Kumbe ni kweli nilisaini. Ahsante, mwanangu. Sasa najua kwamba ninaumwa."

Hapo Posta akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Mtu mzima alikuwa anakumbuka jambo ambalo halikutokea, na yeye ndiye aliyelitia kichwani mwake.

"Hukusaini," alisema. Pini zilimdondoka. "Sikupanda. Hakuna gauni la kijani. Sahihi niliichora mimi, chini ya ngazi, nikaenda kuruka kamba. Wewe huumwi, mama. Ni mimi."

Mama Kifungo alimtazama bila kuelewa, akamtazama fundi, akamtazama Posta tena.

"Kwa hiyo sikusahau," alisema polepole.

"Hukusahau kitu."

Mama Kifungo alikaa chini pale pale juu ya vipande vya kitambaa. Mama yake Posta alisimama, mkono ameuinua kwa hasira na aibu, lakini mgeni akamwinulia kiganja. "Muache kwanza, dada. Ningojee nipumue."

Jumatatu asubuhi wote watatu walikuwa mbele ya mwalimu mkuu. Posta alisema yote tena, hata habari ya gauni, ambayo ndiyo iliyomuuma zaidi. Mwalimu mkuu hakupaza sauti.

"Ungeuacha mstari ule wazi," alisema, "unajua kingetokea nini?"

"Mngenipa adhabu."

"Karani angeona pengo Alhamisi asubuhi. Angempigia mama simu, na asipopokea, mlinzi angepanda kwenda kumgongea. Ndiyo kazi ya daftari. Hakuna aliyepiga simu wala kupanda kwa sababu daftari lilisema mama ameambiwa."

Posta alishangaa. Miezi yote ile alidhani mstari mtupu ni kosa lake. Mwalimu mkuu alikuna kidevu, akakiri kwamba hilo hakuna aliyewahi kumweleza, na kwamba hapo shule nayo ina sehemu yake. Akaamua tangu siku hiyo kila mzazi aandike kwa maneno yake alichoelewa, mbali na kusaini. Kuhusu Posta, alisema kazi anaweza kuendelea nayo endapo nyumba ya saba itamkubali.

Wote walimgeukia Mama Kifungo. Alikuwa amelala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, na ilionekana.

"Goti la mwanangu litapona," alisema. "Lakini siku tatu nilijiogopa mwenyewe. Nilikuwa namwangalia mtoto wangu nikijiambia sifai kuachiwa. Hilo nisingetaka likupate hata wewe, Posta. Habari ikikwama njiani, watu huitafuta. Ukisema imefika, kila mtu anaacha kuitafuta, hata yule anayeihitaji. Siku ukichoka, sema umechoka. Siku nisipofungua, andika hakufungua. Mimi sitakasirika kwa ukweli wa hivyo."

"Kwa hiyo nije?" Posta aliuliza.

"Uje. Na ubishe hodi kwa nguvu, nalala sana."

Kifungo hakwenda kwa bibi yake. Jumatano iliyofuata Posta alizipanda ngazi zote sitini na nane, akabisha, akangoja, akabisha tena mpaka jirani wa ghorofa ya tatu akalalamika. Mlango ulipofunguka, Mama Kifungo alichukua daftari, akasoma tangazo mara mbili, kisha akaandika kwa herufi kubwa, bila haraka, kila alichokisoma.