Mabafle ya Godefroid

Jioni hiyo nilitoka kwenda kwa Bertin, seremala wa cité, mtaa wetu wa wafanyakazi, kuchukua maboksi yangu mawili ya mbao. Niseme mapema kwamba sikumheshimu Bertin. Sikumheshimu mtu yeyote mtaani kwetu, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekuwa na masikio.

Ilikuwa mwaka 1995. Kiwanda cha shaba kilikuwa kimenyamaza, nami, fundi umeme wa pale kwa miaka kumi na tisa, nilikuwa nikionyesha sinema za karate sebuleni kwangu hapa Likasi. Spika mbili ndogo zilizokuja na video ziliwatosha watazamaji. Ngumi ilisikika, bunduki ilisikika, wakafurahi. Lakini ukiweka muziki, gita la besi linapotea na mwimbaji anaimba kama amefunikwa sufuria kichwani. Jirani zangu waliusifu muziki huo. Watu wale, ukiwabingirishia ndoo mtaroni, wangecheza.

Aliyesikia tofauti alikuwa mmoja tu, binti yangu Laure, wa miaka sita. Aliongea tangu asubuhi mpaka usingizi, akaimba, akaiga waigizaji, akauliza maswali na ugali mdomoni. Tangu mama yake afariki, sauti hiyo tu ndiyo iliyonifanya nipende kurudi nyumbani.

Spika mpya sikuziweza. Lakini chumbani nilikuwa na mabafle mawili makubwa, maboksi yenye spika ndani, ya jirani yangu Godefroid, mmoja wa wale wa jimbo jingine waliofukuzwa mjini kwa sababu ya kabila lao mwaka 1993. Alikwenda kulala gare, stesheni ya treni, na mkewe Mwadi na mtoto wao Carine, wakisubiri treni pamoja na maelfu ya wenzao. Aliniomba nimtunzie. Nilitunza miaka miwili, mpaka nikachoka kuwa mjinga. Nikatoa spika zilizokuwa ndani, nzuri ajabu, nikampa Bertin vipimo vya maboksi mapya, mazito zaidi. Pamba ya kujazia nilitoa kwenye godoro kuukuu. Waya niliokota kiwandani. Maboksi ya zamani, ya mbao nyekundu, niliyapasua kuni nikapikia maharagwe.

Bertin alinikabidhi kazi bila kuinua macho.

"Ni bafle ya Godefroid, ile?" akanong'ona.

"Ilikuwa."

"Papa Athanase," akaniita, "Godefroid alitiaka mukono ya mutoto wake juu yake. Minye nilikuwa pale. Alisema, uyu mutoto njo atakuya kuikamata."

Ilikuwa kweli. Kwa watu wa kina Godefroid, anayeacha kitu kwa jirani huweka mkono wa mwanawe juu yake mbele ya mtunzaji. Tangu hapo kitu hakigeuzwi wala hakipewi mwingine, mpaka mkono ule urudi. Siku ile nilikuwa nimesimama pale nikizuia kicheko.

"Basi akuye," nikasema.

Bertin akaweka randa chini. "Carine alikufaka kule gare. Surua. Mbele treni ifike."

"Basi hatakuya."

Nilijiona mtu wa akili sana. Nikapakia maboksi kwenye toroli, nikaondoka.

Sijafika mbali, nikasikia kikohozi nyuma yangu. Kikavu. Kidogo. Kikaja na harufu ya mkaa uliomwagiwa maji, na ndani yake harufu ya mtoto mwenye homa...

"Papa. Bafle yetu iko wapi?"

Nilidhani ni ombaomba. Siku hizo walijaa.

"Rudia kwenu," nikasema bila kugeuka.

Hatua zikakoma. Nilipogeuka, barabara ilikuwa tupu.

Nilifika, nikafunga spika, nikaunganisha waya, nikaweka kanda. Jamani, muziki! Besi ilitembea sakafuni, mwimbaji akasimama katikati ya chumba. Laure akacheza mpaka akavua kandambili. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Wimbo ukaisha, na katika ule ukimya kabla ya wimbo wa pili...

Kikohozi.

Kisha sufuria zikigongana. Watoto wachanga wakilia. Umati wa watu wakinong'ona mahali papana penye vyuma. Nikachomoa waya ukutani.

Haikunyamaza.

"Papa. Bafle yetu iko wapi?"

Laure, ambaye hakuacha swali la mtu bila jibu, akasogeza uso karibu na spika.

"Iko hapa. Kuya ukamate."

"Hii haiko yetu. Yetu ilikuwa mwekundu."

"Ile papa alipikiaka maharagi," akasema Laure. "Minye pia nilikula."

Spika ikakohoa.

"Basi weye njo iko nayo."

Nilirukia mabafle, nikayatupa kwenye toroli, nikamwambia Laure asitoke, nikakimbia hadi gare. Jukwaa lilikuwa tupu. Nikayashusha yakitazama reli, nikapiga magoti, mimi niliyewacheka wote. Nikamwambia Carine achukue. Nikamwambia anisamehe. Nilikuwa nimeshageuka niende zangu wakati spika zile, zisizo na waya wala umeme, zilipoongea kwa sauti niliyoijua kuliko yangu mwenyewe.

"Papa, treni inakuya."

Ilikuwa sauti ya Laure.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Alikuwa ameketi kitandani, mzima, hana homa. Akaniona, akafungua mdomo kunieleza jambo. Midomo ilicheza. Haikutoka hata pumzi.

Nikarudi gare mbio. Mabafle hayakuwapo. Mwaka ule hapa Likasi hungeweza kuacha kitu hata kwa muda wa kuwasha sigara. Mwizi fulani, mtu kama mimi, alikuwa amejipatia spika za bure.

Muuguzi alisema ni koo. Pasta Ricky alisema ni pepo, akadai mfungo wa siku saba. Nilimwona mmoja hajui na mwingine mwongo, lakini dawa nilinunua na mfungo nilifunga. Miaka miwili sasa Laure hajatoa sauti.

Kwa hiyo kila jioni natembea nikitafuta mabafle yale. Kamatanda, katikati ya mji, njia ya Kambove. Nasimama chini ya madirisha ya watu niliowadharau, nasikiliza spika zao mbovu moja baada ya nyingine.

Jana nilimsikia Laure. Alikuwa akiimba, nyuma ya dirisha lililozibwa kwa katoni. Nikabisha. Akafungua mwanamume mmoja, akanitazama viatu kwanza, halafu uso.

"Mutoto anayeimba," nikanong'ona. "Naomba nimwone."

"Hapa hakuna mutoto."

"Basi zima radio. Tafadhali."

"Radio gani? Courant ya umeme haiko tangu siku mbili."

Akanicheka kidogo, akafunga mlango. Ndani, Laure akaanza ubeti mwingine.